Bustani ya Mboga Kisiwani Mombasa: Mafunzo ya Mwisho wa Msimu

Mvua za masika zikisha kukatika katika kisiwa cha Mombasa, na kusi ikaanza kupungua nguvu, mwenye bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake hupata siku chache za kupumzika. Mchicha wa mwisho umekwisha kung'olewa, mabenda yamekuwa magumu kama kuni, na tungule zilizosalia ni ndogo na zimepasuka. Wakati huo watu wengi huweka jembe pembeni na kuisahau bustani mpaka vuli. Lakini siku hizo ndizo zifaazo kuliko zote kwa kujifunza, kwa kuwa kila lililoharibika bado laonekana pale pale lilipoharibikia. Mche ulioungua ungali umesimama, udongo uliofanya ukoko mweupe haujachimbuliwa, na mwenye nyumba angali akikumbuka fedha alizozitoa kununua mbegu.

Watu wa pwani tangu zamani walikuwa na desturi ya kuhesabu majira yao wakati kama huu. Mwaka wa Kiswahili huanza siku ya Nairuzi, ambayo huko Makunduchi, Unguja, husherehekewa katika mwezi wa Julai. Na kutoka siku hiyo siku huhesabiwa kwa miongo, yaani kumi kumi. Hesabu hiyo hufuata jua wala haifuati mwezi mwandamo, ndiyo sababu mkulima na nahodha waliitumia kujua mvua na pepo. Mwenye bustani ya leo aweza kutumia kalenda yoyote apendayo, mradi aandike mahali ni lini alipanda, ni lini alivuna, na hasa ni lini mimea yake ilianza kudhoofika. Akifanya hivyo kwa mwaka mmoja tu ataona jambo ambalo wengi hawalitambui: bustani nyingi za kisiwani haziharibiwi na wadudu wala na jua, bali huharibiwa na maji ya kisima.

Kisiwa cha Mombasa kwa sehemu kubwa ni jiwe la matumbawe, lenye matundu mengi. Mvua inyeshapo, maji huteremka katika matundu hayo mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya kutoka pande zote za kisiwa. Maji matamu ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi huelea juu yake. Kanuni ya wataalamu wa maji yasema kwamba kila futi moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari hushikana na kiasi cha futi 40 za maji matamu zilizo chini ya usawa huo. Kanuni hii husikika kama habari njema, lakini ina upande wa pili. Maji yakitekwa mpaka usawa wake ukashuka kwa futi moja, chumvi nayo hatimaye hupanda kutoka chini kwa kiasi cha futi 40. Kwa hivyo kisima kilicho kitamu mwezi wa Juni, baada ya mvua kubwa za Aprili na Mei, chaweza kuwa na maji ya magadi au ya chumvi kabisa mwezi wa Februari, wakati wa kaskazi, ambapo mvua ni haba kuliko wakati wowote wa mwaka na kila nyumba inateka zaidi.

Jambo hili si geni. Wareno walipoijenga Fort Jesus kati ya mwaka 1593 na 1596, hawakuweza kutegemea kisima peke yake. Kisima kilichomo ndani ya ngome maji yake yalikuwa na chumvi, yakafaa kufulia na kuogea, na maji ya kunywa yalikingwa kutoka mvuani katika birika. Katika miaka ya 1950 bomba la Mzima lilianza kuleta maji mjini kutoka chemchemi za Tsavo, mwendo wa zaidi ya kilomita 200; lakini mji umekua kupita kiasi cha maji hayo na ya vyanzo vingine, na nyumba nyingi za kisiwani hupata maji ya mfereji kwa zamu. Mtu apataye maji ya mfereji siku chache tu za juma hawezi kuyamwagia mchicha. Ndipo arudipo kisimani.

Basi swali la kwanza la kujiuliza mwisho wa msimu ni hili: je, mimea iliyokufa, ilikufa kwa kiu au kwa chumvi? Dalili zake hufanana kwa mbali, na watu wengi hukosea. Mmea wenye kiu hunyauka mchana, nao ukinyweshwa jioni huinuka. Mmea ulioshikwa na chumvi huungua kwanza kwenye ncha na kingo za majani ya zamani, kana kwamba umepitishwa motoni. Hudumaa, na ukinyweshwa maji zaidi yale yale huzidi kuharibika. Tena juu ya udongo huonekana unga mweupe, hasa pembezoni mwa tuta na kwenye midomo ya vyungu na madebe. Aonaye unga huo amekwisha kupata jibu lake.

Ulimi wa binadamu si mwamuzi wa kutosha. Maharagwe huanza kudhoofika kwa chumvi ndogo ambayo mtu akiyanywa maji yale huenda asiihisi kabisa. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua mikebe miwili yenye udongo wa namna moja, kupanda maharagwe machache katika kila mmoja, na kunywesha mmoja kwa maji ya mvua au ya mfereji na wa pili kwa maji ya kisima. Kwa muda wa majuma matatu tofauti itaonekana kama ipo. Jaribio hilo lifanywe mara mbili kwa mwaka, mara moja baada ya masika na mara ya pili katikati ya kaskazi, kwa kuwa kisima ni kile kile lakini maji si yale yale. Gharama yake ni konzi ya maharagwe.

Mboga hazilingani katika kuvumilia chumvi. Maharagwe, karoti na vitunguu ni dhaifu kabisa. Mtu asiye na maji ila ya kisima chenye magadi na asijisumbue nazo. Tungule na tango huvumilia kidogo. Mchicha na kunde huvumilia zaidi. Lakini ishindayo karibu zote ni mboga iitwayo spinachi katika masoko ya Kenya, ile yenye majani mapana na mashina meupe. Hiyo kwa hakika si spinachi ya Ulaya, bali ni jamaa ya bitiruti, na asili ya bitiruti ni mmea uotao wenyewe kandokando ya bahari. Haishangazi basi kwamba huko Kizingo, ambako upepo wa kusi hurusha manyunyu ya bahari mpaka ndani ya nyua, spinachi husimama pale ambapo mimea mingine imebabuka upande ule uelekeao baharini.

Kuhusu namna ya kunywesha, iko desturi moja ambayo yafaa iachwe. Watu wenye maji haba hunyunyiza kidogo kidogo, asubuhi na jioni, wakidhani wanayaokoa. Maji ya kisima yakinyunyizwa hivyo hulowesha inchi moja ya juu tu, kisha jua huyakausha na kuiacha chumvi pale pale penye mizizi michanga. Ni afadhali kunywesha kwa nafasi, siku moja na kuacha moja, lakini maji yawe mengi kiasi cha kuteremka na kuisukuma chumvi chini ya mizizi. Tena yamwagwe juu ya udongo, si juu ya majani. Mvua kubwa ikinyesha baada ya kaskazi, hiyo ndiyo iuoshayo udongo kuliko chochote, na yampasa mwenye bustani aiachie njia ya kupita kwa kuchimbua udongo ulioshikana.

Maji ya mvua yenyewe ni hazina ambayo nyumba nyingi za kisiwani huiacha iende zake baharini. Dari au paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, ikinyesha mvua ya milimita 10 tu, hupokea lita 600, yaani madebe 30 ya lita 20. Mvua ya namna hiyo si ya ajabu Mombasa katika mwezi wa Mei. Maji ya kwanza baada ya ukavu yaachwe yapite, kwa kuwa yanaosha vumbi na mavi ya ndege. Yafuatayo yakingwe katika mapipa. Lakini mapipa hayo hayana budi kufunikwa kwa kitambaa cha chandarua kilichofungwa vizuri. Mbu aenezaye homa ya dengi na chikungunya huzaa katika maji safi yaliyotuama karibu na nyumba, hata katika mkebe mdogo, na Mombasa imekwisha kuyaona maradhi hayo: dengi mwaka 2013, na chikungunya kati ya mwisho wa 2017 na mwanzo wa 2018. Mikebe mitupu iliyobaki bustanini baada ya mavuno igeuzwe kifudifudi au itupwe.

Baada ya maji hufuata udongo, na hapa liko kosa moja litokalo katika ushauri mzuri uliopelekwa mahali pasipo pake. Watu waliolelewa bara wamezoea kutia majivu ya jikoni katika bustani, na huko kwao hufanya vyema, kwa kuwa udongo wa sehemu nyingi za milimani ni mchachu na majivu huupunguza uchachu. Udongo wa kisiwani hauna uchachu huo. Umetokana na matumbawe, na katika Mji wa Kale umechanganyika tena na chokaa na kifusi cha nyumba zilizojengwa na kubomolewa kwa karne nyingi. Udongo wenye chokaa nyingi huyazuia madini ya chuma yasifike mmeani, na alama yake ni jani changa kugeuka rangi ya manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Kuongeza majivu juu ya hayo ni kumwongezea mgonjwa ugonjwa. Kinachotakiwa ni samadi iliyooza na mboji ya majani na maganda ya jikoni, kwa wingi, kila msimu.

Makumbi ya nazi yaliyokatwakatwa hufaa sana kufunika tuta na kushika unyevu, lakini yaangaliwe yametoka wapi. Makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kutoa usumba wa kamba yamejaa chumvi, nayo yaoshwe na mvua kabla ya kutumiwa. Na mwani uokotwao ufuoni ni vivyo hivyo.

Jambo la tatu la kuangaliwa mwisho wa msimu liko chini ya ardhi, na wachache hulitazama. Mimea ya zamani isikatwe tu juu. Ing'olewe na mizizi ikaguliwe. Katika udongo wa mchanga wa pwani wamo minyoo midogo mno isiyoonekana kwa macho, iingiayo mizizini mwa mabenda, tungule na biringani na kuifanya ivimbe vinundu. Mmea wenye maradhi hayo hunyauka hata ukiwa na maji, na mwenye bustani hulaumu mbegu. Lakini mizizi ya kunde isihukumiwe kwa haraka, kwa maana kunde ina vinundu vyake vya halali, vyenye kuulisha udongo. Tofauti ni kwamba kinundu chema cha kunde hubanduka kwa kidole na ndani yake huwa chekundu kidogo, hali kile cha ugonjwa ni mzizi wenyewe uliovimba, wala hakibanduki. Mizizi yenye ugonjwa ichomwe. Tuta lake lichimbuliwe na kuachwa wazi lipigwe na jua la kaskazi, au lipandwe yale maua ya manjano yatungwayo makoja ya mahekalu ya Wahindi, ambayo mizizi yake huwapunguza minyoo hao. Mabenda yasirudishwe pale msimu unaofuata.

Sasa juu ya uchaguzi wa mboga. Kila mwaka wako watu Mombasa wapandao kabichi, karoti na letasi kwa sababu ndizo zilizopigwa picha nzuri juu ya pakiti za mbegu. Kabichi hutaka baridi ili ijifunge. Kisiwani mara nyingi huota majani makubwa yasiyofunga, nayo hukaa tuta kwa muda wa miezi mitatu. Mbegu ya letasi katika joto la juu ya nyuzi 30 hukataa kuota. Tungule huchanua kwa wingi wakati wa kaskazi, lakini usiku ukiwa wa joto maua huanguka bila kuzaa. Basi tungule zipandwe mapema wakati wa kusi, usiku unapokuwa na baridi kidogo. Kabichi ni afadhali inunuliwe Marikiti au Kongowea, kwa kuwa vilima vya Taita na nyanda za juu zitaizalisha siku zote kwa bei ambayo bustani ya kisiwani haiwezi kushindana nayo.

Kinyume chake mchicha hufaa kuliwa baada ya majuma matatu au manne, na majani ya kunde hivyo hivyo. Mabenda huanza kuzaa baada ya kiasi cha miezi miwili, kisha huendelea kuchumwa kila baada ya siku mbili. Wako waonao haya kupanda mchicha na mnavu kwa kuwa ati ni mboga za watu wasio na kitu. Haya hiyo ni ya gharama kubwa. Mnavu na mchicha zina damu na nguvu kuliko kabichi, na familia ipandayo matuta manne madogo, kila tuta juma lake, yaweza kuchuma mboga mbichi bila kukatika kutoka Mei mpaka Agosti. Kosa liwaumizalo wengi ni kupanda pakiti yote siku moja: mchicha huja wote pamoja, jirani wakagawiwa, uliobaki ukatoa mbegu, kisha nyumba ikarudi kununua sokoni.

Katika Mji wa Kale penyewe, katika mitaa kama Kibokoni na Kuze, nyumba zimeegemeana na nafasi ya jembe ni adimu. Hapo bustani ni madebe, ndoo zilizovunjika na magunia yaliyojazwa udongo, juu ya dari au uani. Kila chombo kitobolewe chini matundu matano au sita kwa msumari na kiwekwe juu ya vijiwe viwili ili maji yapate kutoka. Chombo kisicho na tundu, kikinyweshwa maji ya kisima, hugeuka kiwanda kidogo cha chumvi. Debe la bati juani huchemsha mizizi, kwa hivyo lipakwe chokaa kwa nje, wala si ndani, au lisogezwe penye kivuli cha ukuta kuanzia saa sita. Kotmiri, nanaa na mrehani hutosheka na chombo kidogo. Biringani hutaka debe zima peke yake. Mwisho wa msimu udongo wa madebe umwagwe darini, utandazwe uwe mwembamba, upigwe na jua kwa siku kadhaa, kisha uchanganywe na samadi mpya.

Ziko sehemu nyingi kisiwani ambapo visima vimechimbwa karibu na vyoo vya shimo, na jiwe la matumbawe halichuji uchafu, bali huupitisha upesi kwa matundu yake. Kipindupindu kimezuka Mombasa zaidi ya mara moja. Kwa hivyo kotmiri, nanaa, letasi na kila jani litakaloliwa bichi lisinyweshwe maji ya kisima cha namna hiyo, hata kama maji yake ni matamu na yanang'aa. Hayo yapewe biringani, mabenda na mchicha, ambazo hupita jikoni kwanza.

Imesalia kazi ya mbegu, nayo haina budi kufanywa kabla ya vuli kuingia mwezi wa Oktoba. Mabenda mawili matatu ya mmea uliozaa vizuri yaachwe yakaukie mtini. Mashuke ya mchicha yakatwe yakianza kupukutika, yakaushwe kivulini na kupepetwa. Tungule za mbegu chotara zilizonunuliwa dukani zisihifadhiwe, kwa kuwa watoto wake hawatafanana na mama. Mbegu ya kunde ndiyo yenye adui mkubwa, yaani fukusi, na hapa yale majivu yaliyokatazwa bustanini hupata kazi yake: kunde kavu zichanganywe na majivu makavu yaliyochekechwa, zitiwe katika chupa na kujazwa mpaka juu pasibaki hewa, kisha chupa izibwe sana na kuandikwa jina la mbegu, mwezi iliyovunwa, na maji yaliyoinywesha.